Tii Zilizochanganyika: Kikuyu, Ukoka na Viwanja vya Gofu vya Sydney



Pitieni uwanja wowote wa gofu wa umma hapa Sydney mwezi wa saba, katikati ya baridi, mtaona mabaka. Yanaonekana zaidi kwenye tii, yaani lile jukwaa dogo la nyasi ambalo mchezaji husimama kupiga mpira wa kwanza wa kila shimo. Sehemu moja imekauka, imegeuka rangi ya mchanga. Sehemu ya pili ni kijani kibichi, majani mapana, na ukiikanyaga inabonyea kama godoro. Ile kavu ni ukoka. Ile ya kijani ni kikuyu. Kati yazo, kama msimamizi hana bahati, kuna nyasi nyingine tatu nne ambazo hakuna aliyezipanda.

Nimeombwa nizungumze juu ya ukarabati wa tii za namna hiyo. Kwa kuwa wengi waliopo hapa jioni hii hawachezi gofu, na baadhi yenu huuona mchezo huu kuwa starehe ya wenye nafasi, niseme mapema kwamba nazungumzia kazi, si starehe. Nyasi za gofu zina watu wanaozikata alfajiri, wanaozinyunyizia dawa na wanaolaumiwa zikifa. Baadhi yao ni ndugu zetu. Na nyasi inayowasumbua kuliko zote katika jiji hili ilitoka kwetu.

Makao ya asili ya kikuyu ni nyanda za juu za Afrika Mashariki: kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, mahali penye mvua ya kutosha na udongo mzuri, hasa pale ambapo msitu umefyekwa. Mtaalamu wa mimea Mwitaliano, Emilio Chiovenda, aliichapisha katika maandishi ya kisayansi mwaka 1903 kwa jina la Pennisetum clandestinum. Siku hizi imehamishiwa kwenye jenasi ya Cenchrus. Australia iliipata mwaka 1919, kwa mbegu zilizotoka Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa pwani ya New South Wales waliipenda mara moja, wakaisambaza kwa vipandikizi kutoka shamba hadi shamba. Baadaye watafiti wa jimbo walichagua aina iitwayo Whittet kutoka mbegu za Kitale, Kenya, ikaanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1970. Kwa hiyo mtu wa Bukavu na mtu wa Trans-Nzoia wote wana haki ya kuulizwa maswali na wasimamizi wa viwanja vya Sydney.

Ukoka nao hauko mbali. Aina ya kawaida, Cynodon dactylon, imeenea Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya tangu zamani, na mnaujua: ndio ule unaotambaa kando ya njia na kupewa mbuzi. Aina zilizoboreshwa zinazotumika kwenye viwanja ni machotara. Glenn Burton, mtafiti wa mjini Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, alitoa Tifway mwaka 1960, chotara wa ukoka wa kawaida na ukoka mwembamba wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis. Ongezeni hapo Digitaria didactyla, ambayo watu wa hapa huihesabu kama nyasi ya Queensland ilhali asili yake ni Mauritius, Réunion, Madagaska na Msumbiji. Nyasi nene ya bustani za nyumbani za Sydney ni ndugu wa ile ya Pemba inayopandwa kwenye nyua za pwani yetu. Hata gugu la kiangazi linalochomoza kwenye ardhi iliyoshindiliwa na miguu, Eleusine indica, ni ukoo mmoja na ulezi.

Najua kuna anayesubiri niseme kwamba nyasi hizi ni sisi wahamiaji. Sisemi. Nyasi haiombi viza wala haitumi pesa nyumbani, na mtu si gugu hata kwa mzaha. Turudi kwenye kazi.

Ili kuelewa kwa nini tii za Sydney huchanganyika, mtazame hali ya hewa kabla ya kumtazama mfanyakazi. Jiji hili liko karibu nyuzi 34 kusini ya ikweta. Katikati ya jiji hupata mvua ya milimita zipatazo 1,200 kwa mwaka, na baridi yake si kali. Ukienda magharibi mambo hubadilika: Penrith iligonga nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020, na vitongoji hivyohivyo hupata jalidi asubuhi za Juni na Julai. Ukoka unapenda joto. Udongo ukipoa, ukoka hulala. Hukauka juu, mizizi ikabaki hai, ukangoja Septemba. Kikuyu, ambayo imezoea usiku wa Limuru kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,000, hailali kirahisi hivyo. Hupunguza mwendo tu.

Basi tazameni kinachotokea. Wachezaji hawalali msimu wa baridi. Wanakuja, wanapiga, na kila pigo la fimbo ya chuma kwenye shimo fupi hung'oa kipande cha nyasi. Ukoka uliolala hauwezi kuziba kovu hilo hadi majira ya kuchipua. Kikuyu iliyo ukingoni mwa tii inaendelea kutambaa polepole, inakuta udongo mtupu, inaingia. Kila mwaka ina wiki kadhaa za kukimbia peke yake. Msimamizi huiona Oktoba, ukoka unapoamka na rangi mbili kuonekana bayana, akadhani uvamizi ulianza Oktoba. Ulianza Juni.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kamati za klabu hazipendi kulisikia: uchafu wa nyasi hufuata udongo mtupu. Ukitaka kujua chanzo, tafuta kilichoacha udongo mtupu. Mara nyingi ni udogo wa tii yenyewe. Kuna kanuni ya zamani ya wataalamu wa gofu inayosema kwamba tii ya shimo la mapigo matatu inahitaji futi za mraba 200, yaani karibu mita za mraba 19, kwa kila raundi 1,000 zinazochezwa kwa mwaka. Mashimo marefu, ambako watu huweka mpira juu ya kijiti na kupiga bila kuchimba sana, yanahitaji nusu yake. Pigeni hesabu wenyewe. Uwanja wenye raundi 40,000 kwa mwaka unahitaji mita za mraba 760 kwenye kila shimo fupi. Nendeni mkapime tii za viwanja vya umma vilivyojengwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Nyingi hazifiki nusu. Tii ya ukubwa huo haina wakati wa kupona, na nyasi utakayopanda leo, hata ikiwa safi namna gani, itachimbwa kama iliyotangulia.

Chanzo cha pili ni kivuli. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa miaka sitini iliyopita ili kupendezesha njia imekua, sasa inafunika tii nusu siku. Ukoka ni mmea wa jua. Ukiunyima jua la asubuhi unakonda, unaacha nafasi, na nafasi hujazwa na chochote kinachovumilia. Nimeona klabu zikibadilisha nyasi za tii moja mara baada ya mara bila kugusa hata tawi moja. Kukata miti Sydney kunahitaji kibali, kunaleta barua za majirani, na hakuna mwenyekiti anayetaka jina lake liwe kwenye barua hizo. Kwa hiyo wananunua nyasi. Ni uoga wa gharama kubwa.

Udongo unakuja wa tatu, na hapa Sydney ni miji miwili. Mashariki, kuanzia Kensington kushuka Botany, viwanja vimekaa juu ya mchanga wenye kina na hifadhi ya maji chini yake. The Australian Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1882, iko huko, na jirani yake The Lakes. Mchanga hupitisha maji, haushikani, na kikuyu ikishaingia mashina yake ya chini hupenya kwa urahisi. Magharibi, kwenye uwanda wa Cumberland, ni udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya tope. Huko maji husimama, udongo hushindiliwa, mizizi hukaa juujuu. Ushauri uliofaa Botany ukiupeleka Blacktown kama ulivyo utakuletea matope. Halafu kuna mahali pa pekee kama New South Wales Golf Club kule La Perouse, kwenye ardhi iliyopimwa na Alister MacKenzie mwaka 1926, ambako tii moja ya shimo la sita imejengwa juu ya mwamba baharini na mchezaji huifikia kwa daraja. Pale adui wa kwanza ni chumvi ya mawimbi.

Sasa tuje kwenye ukarabati. Swali ambalo watu huniuliza ni dawa gani wapige. Mimi huwauliza kingo zao ni za nyasi gani. Kama tii ni ya ukoka na miteremko yote inayoizunguka ni kikuyu, na bajeti inatosha tii peke yake, jibu langu ni kwamba wasianze. Kikuyu ya mteremko itarudi. Ina mashina yanayotambaa juu ya udongo na mengine mazito yanayopita chini yake, na kila kifundo kina uwezo wa kutoa mmea mpya. Wenye fedha za tii na kingo zake, angalau mita mbili tatu kila upande, hao tunaweza kuzungumza. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, na kwenye nyasi maji yenyewe ni mapana kuliko yanavyoonekana.

Tuseme fedha zipo. Kazi huanza majira ya kuchipua, si kiangazi, na huanza kwa jambo linaloshangaza wajumbe wa kamati: kuitia mbolea nyasi unayotaka kuiua. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, huua mmea unaokua, maana husafiri ndani yake pamoja na chakula hadi kwenye mashina ya chini. Mmea ulionyauka kwa kiu au uliolala hauipeleki popote. Kwa hiyo mwagilia, lisha, ngoja majani yajae, ndipo upige. Kisha usifanye haraka. Majani yatakauka na mtu atakuja na mashine ya kuchuna nyasi akitaka kumaliza. Mzuie. Endelea kumwagilia udongo huo uliokufa. Baada ya wiki chache utaona vichipukizi vya kijani vikitoka kwenye mashina yaliyosalia na mbegu zikiota. Piga tena. Ngoja tena. Kwa kikuyu ya zamani, hesabu duru tatu, na ukianza Septemba usitegemee kupanda kabla ya Desemba.

Mbegu hizo zatoka wapi, ilhali tii hukatwa mara kadhaa kwa wiki? Kikuyu huficha maua yake ndani ya maganda ya majani, chini kabisa, mahali ambapo kisu cha mashine hakifiki. Kinachojitokeza ni nyuzi nyeupe asubuhi, zinazoonekana kama utando, na jua likipanda hakuna anayezikumbuka. Nyasi inayokatwa kila siku inaendelea kujaza udongo mbegu. Ndiyo maana kuchuna tabaka la juu na kuweka mikeka mipya ya nyasi, kazi inayoweza kumalizika kwa siku mbili na kupigwa picha kwa ajili ya jarida la klabu, hushindwa mwaka unaofuata.

Kosa baya kuliko hilo ni kulima. Kuna anayeleta trekta yenye visu vya kuzunguka ili kulainisha udongo kabla ya kusawazisha. Kama kikuyu haijafa yote, mashine hiyo huikata vipande maelfu na kuvizika kwenye kina kinachofaa kabisa. Kulima kikuyu ni kuipanda.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Methili bromaidi, gesi iliyofukizwa chini ya karatasi ya plastiki, iliua mbegu, mashina, minyoo, kila kitu. Iliharibu pia tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi tajiri zilitakiwa kuacha matumizi yake ya kawaida ifikapo 2005, isipokuwa karantini na vibali maalumu. Zipo chembechembe za dazometi zinazofanya sehemu ya kazi hiyo, lakini zinadai udongo wenye unyevu sahihi, joto sahihi, na watu waliofunzwa. Siwezi kuzipendekeza kwa uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba.

Na kwa kuwa wapo hapa wanaobeba bomba la dawa mgongoni, niseme jambo kuhusu afya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka glaifoseti mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya dawa za kilimo na mifugo ya Australia, APVMA, imeendelea kuiruhusu ikitumiwa kwa mujibu wa lebo, na Julai 2024 Mahakama ya Shirikisho ilikataa madai ya pamoja ya walalamikaji ikisema ushahidi haukutosha. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba sheria ya viuatilifu ya New South Wales ya mwaka 1999 na kanuni zake zinataka anayepiga dawa kama sehemu ya ajira awe amefunzwa, na kumbukumbu za kila upigaji zitunzwe miaka mitatu. Mwajiri akikupa bomba bila mafunzo wala vifaa vya kujikinga, anavunja sheria, na wewe huna kosa kukataa.

Vipi dawa za kuchagua, zile zinazoua nyasi moja na kuacha nyingine? Zipo zinazodhoofisha kikuyu ndani ya ukoka. Kwinkloraki ni mojawapo, na triklopiri nyingine, ingawa hii ya pili huunguza ukoka pia. Nimechagua neno hilo kwa makusudi: zinadhoofisha. Kwa mabaka machache yaliyogunduliwa mapema, ni njia nzuri, hasa ikirudiwa wakati wa joto ambapo ukoka una nguvu ya kuziba pengo. Kwa tii iliyochanganyika nusu kwa nusu, utatumia fedha miaka mitatu na kubaki na nusu kwa nusu. Pia msisome ushauri wa Marekani mkaufuata hapa. Dawa iliyoruhusiwa California si lazima iwe imesajiliwa Australia kwa kazi ileile, na lebo ya hapa ndiyo yenye nguvu ya sheria.

Baada ya udongo kuwa safi kweli, kazi iliyobaki ni ya kawaida na nitaipita haraka. Panua tii kama nafasi ipo. Isawazishe kwa leza, na mwinamo usiozidi asilimia moja au mbili ili maji yaondoke bila mchezaji kuhisi mteremko. Kwenye mfinyanzi, weka tabaka la mchanga la kutosha na mfereji chini yake. Panda kwa mikeka iliyooshwa udongo, ili usilete udongo wa shamba la mtu juu ya mchanga wako.

Hapo kwenye shamba la mtu nisimame kidogo, maana uchafu mwingi hununuliwa. Machotara wa ukoka hawatoi mbegu za maana. Huzalishwa kwa vipande. Kila kipande kinapaswa kuwa sawa na mama yake, lakini mara moja moja kipande hubadilika chenyewe, na shambani mabadiliko hayo hukua pamoja na mengine bila kuonekana hadi yakatwe chini kwenye uwanja. Si kila badiliko ni hasara. Tifdwarf, iliyotolewa mwaka 1965 na kutumika duniani kote kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, ilipatikana kama badiliko ndani ya Tifgreen ya mwaka 1956. Hata hivyo kwa mnunuzi wa mikeka bahati ya aina hiyo ni adimu. Kabla ya kulipa, nenda shambani mwenyewe, tembea kwenye kipande chenyewe utakachouziwa, na ukienda mwisho wa baridi utaona kwa macho kila nyasi isiyolala. Muuzaji mwaminifu hataudhika.

Tii mpya ikishika, ulinzi wake ni nidhamu ya kila siku. Kata tii kabla ya kingo, usikate kingo kwanza ukaja na vipande vya kikuyu vimening'inia kwenye mashine. Osha mashine. Ukitoboa feawei, yaani njia ya nyasi kati ya tii na grini, ili kupunguza mshindilio, vile vipande vya udongo vilivyotoka visitumike kuziba makovu ya tii. Wachezaji wa Sydney hutembea na vindoo vya mchanga na kuziba makovu yao wenyewe, tabia nzuri ambayo ningependa ifike Nairobi, lakini mchanga huo umerundikwa wapi? Nimeona lundo la mchanga wa klabu limemea kikuyu hadi kiunoni. Kila mchezaji alikuwa anabeba mbegu na kuzipanda kwa adabu kabisa.

Nimeeleza jinsi ya kuitoa kikuyu. Sasa niseme ninachoamini, na baadhi ya wasimamizi wenzangu hawatakubaliana nami: viwanja vingi vya umma vya jiji hili havikupaswa kuitoa. Kwenye tii mara nyingi mpira huwekwa juu ya kijiti. Ulaini wa nyasi chini ya mpira, ambao ni muhimu kwenye grini, una uzito mdogo pale. Kinachotakiwa ni mahali pa kusimama bila kuteleza, usawa, na kovu kupona upesi. Kikuyu inayokatwa mara kwa mara, inayopunguzwa unene kwa visu vya wima na kuzuiwa mwendo kwa trineksapaki, dawa ya kudhibiti ukuaji, hutoa yote matatu, na hutoa rangi ya kijani mwezi wa saba. Kimo cha kukata kina usemi mkubwa kuliko dawa: ukishusha kisu chini ya milimita nane hivi kikuyu hukonda na ukoka hupata nafasi, ukikipandisha hadi kumi na tano na kuongeza mbolea, kikuyu hutawala yenyewe. Msimamizi mwenye subira anaweza kuigeuza tii iliyochanganyika iwe ya nyasi moja bila kuua kitu, mradi achague nyasi ambayo mazingira yake yanaitaka.

Wala si jambo la aibu. Farasi wa mbio wa Randwick, hapahapa Sydney, hukimbia juu ya kikuyu. Huko Los Angeles, Riviera Country Club, uwanja ulioteuliwa kwa gofu ya Olimpiki ya 2028, feawei zake ni kikuyu, nyasi ambayo serikali ya Marekani imeiorodhesha kama gugu hatari lisiloruhusiwa kuingizwa wala kusafirishwa bila kibali. Nchi moja, nyasi moja, hukumu mbili. Ina udhaifu wake: hujenga tabaka nene la nyasi mfu, na hapa New South Wales kuna ugonjwa wa manjano unaoletwa na Verrucalvus flavofaciens, kiumbe wa udongoni anayefanana na kuvu, ambao huacha mabaka kwenye kikuyu peke yake. Anayeichagua achague akijua.

Kuna sababu nyingine ya kuwa wabahili na fedha za umma. Oktoba 2023 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba Moore Park, uwanja wa umma ulio karibu kabisa na katikati ya jiji, utapunguzwa kutoka mashimo 18 hadi 9 ili ardhi iliyobaki iwe bustani ya watu wote. Sitaingia kwenye mabishano hayo. Lakini msimamizi wa uwanja wa halmashauri anayeomba fedha za kubadilisha tii zote ziwe za chotara wa kisasa ajue kwamba siku hizi anaulizwa na mlipa kodi asiyecheza gofu, na ajiandae kumjibu.

Kwa wenzetu wa nyumbani watakaosoma mhadhara huu: Royal Nairobi ilianzishwa 1906, Muthaiga 1913, na mashindano ya Kenya Open yamechezwa tangu 1967, Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya vilikulia juu ya kikuyu kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Sasa naona klabu zikitamani mikeka ya machotara kutoka ng'ambo kwa ajili ya tii. Fikirini mara mbili. Sydney inapambana na kikuyu iliyoletwa kwa pakiti ya mbegu miaka mia moja na kidogo iliyopita. Ninyi mtapambana nayo kwenye udongo wake, mvua yake na mwinuko wake. Mombasa na Dar es Salaam, ambako joto huikataa kikuyu, ukoka una haki yake. Limuru hauna.

Na kwa vijana mliopo hapa kutoka Auburn, Blacktown na Mount Druitt: TAFE NSW inatoa Cheti cha Tatu cha usimamizi wa nyasi za viwanja vya michezo, na unaweza kukisomea huku ukiwa kazini kama mwanafunzi wa ufundi. Ni kazi ya kuamka saa kumi alfajiri, inayolipwa, na inayohitaji watu. Anayetaka kuijua zaidi anione kabla hatujafunga ukumbi.